Watu Arobaini na Mmoja wa Mpima

SEHEMU YA SABA

Kidole gumba cha Karani kilikuwa kimeshabonyeza.

Hapo ndipo tulipoachana naye wiki iliyopita, amesimama katikati ya masijala na simu mkononi, na kama yupo msomaji aliyeshinda siku saba akiomba simu iwe imegoma, pole yake. Simu ya Karani hugoma akiwa na jambo la maana. Ikija zamu ya aibu, inafanya kazi kama imetoka dukani leo.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilimfikia likiwa limeshafungia sabuni, habari ni fupi. Karani ana miaka thelathini na minne, naye ndiye mkuu wa masijala, chumba cha chini kabisa katika ofisi ya ghorofa tatu inayopima viwanja vya watu. Ghorofa ya pili anakaa Mpima, mchumba wake. Leo ni Alhamisi. Jumamosi wajomba wa Mpima wanakuja nyumbani kwa mama yake Karani kupanga siku ya ndoa. Na huko mtandaoni, ukimtoa Karani mwenyewe, Mpima anafuata watu arobaini na mmoja.

Arobaini kati yao Karani anawajua kuliko wanavyojijua wenyewe. Kumi na mmoja ni ndugu, tisa ni watu wa idara yake, wanane ni wachezaji mpira, saba alisoma nao, wanne wanauza vifaa vya kupimia, na mmoja ni daktari wa meno, mwanamke mwenye tabasamu zuri mno, aliyemtesa Karani wiki mbili nzima mpaka alipohakikisha kwamba Mpima ana jino bovu kweli.

Wa arobaini na moja ndiye aliyemnyima raha.

Jina la akaunti ni Kikombe. Picha yake ni kikombe cheupe chenye mstari wa buluu. Sura hakuna, picha nyingine hakuna, na duniani kote Kikombe anamfuata mtu mmoja tu, Mpima, naye Mpima akamfuata pia. Kila Mpima akiweka picha, hata iwe ya chombo chake cha kupimia kimesimama peke yake porini kwa miguu mitatu, hazipiti dakika mbili Kikombe ameshaibonyezea moyo. Mwanamke gani anapenda miguu mitatu ya chuma? Karani alijiuliza, akajijibu: anayempenda mwenye chombo.

Alikusudia kumchungulia kwa akaunti yake ya bandia, ile yenye picha ya paka. Badala yake alibonyeza Fuata kwa akaunti yake halisi, yenye jina lake, sura yake, na ile picha aliyopigwa kwenye harusi ya watu akiwa na kijiko mdomoni.

Akabonyeza tena upesi kuacha kufuata. Akaizima simu. Akaiwasha. Kisha akaisukumia chini ya kitabu cha kupokelea barua, kana kwamba aibu ikikosa hewa itakufa yenyewe.

Simu ikatetemeka hukohuko chini ya kitabu.

Kikombe anaomba kukufuata.

Sasa, akaunti ya Karani ameifungia, haingii mtu mpaka akubaliwe. Mwenye akili timamu angekataa. Karani alijiambia kwamba mpelelezi mzuri humwacha mtuhumiwa asogee karibu, akakubali. Hakufikiria hata kidogo kwamba kwa kufanya hivyo amempa Kikombe ruhusa ya kuona yeye mwenyewe anafuata nani. Kazi ya kuangalia nani anamfuata nani alishaizoea kuwa kazi yake.

Ujumbe ukaingia. Maneno machache tu.

“Umechelewa. Nilijua utakuja.”

Akakaa juu ya boksi la bahasha. Mwanamke anayejibu hivyo hana hofu, alijiambia. Mwanamke anayejibu hivyo ameshahesabu viti vya ukumbi wa harusi.

Akageuka mezani ili aandike tukio hilo kwenye jalada.

Jalada halikuwepo.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana wapo wasomaji watakaouliza jalada gani. Mtu mwingine akimshuku mchumba wake hulia, au humwita rafiki wakae wamseme. Karani ana miaka kumi na miwili masijala. Yeye alifungua jalada. Gamba la kahawia, kamba ya kijani, na kila mtu anayefuatwa na Mpima akapewa ukurasa wake wenye namba, folio ya kwanza mpaka ya arobaini na moja. Upande wa kushoto akaweka karatasi ya madokezo, pale ambapo wakubwa huandikiana maelekezo. Kwa kuwa hakukuwa na mkubwa, alijiandikia mwenyewe, akajijibu mwenyewe, kwa heshima zote.

“Dokezo 1. Naomba uone folio 41 na unishauri.”

“Dokezo 2. Nimeiona. Inatia shaka. Endelea.”

“Dokezo 3. Ahsante. Naendelea.”

Na juu ya gamba, kwa sababu kanuni zinataka kila jalada libebe jina la mhusika, aliandika jina la Mpima kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya chumba chake. Angeweza kutumia jalada la siri, lile lenye mstari mwekundu. Lakini jalada la siri hutolewa kwa saini ya mkuu wa idara, na Karani si mtu wa kuchezea kanuni.

Alitazama chini ya meza, akatazama nyuma ya kabati, akajipapasa hata mfukoni. Ndipo macho yake yalipotua kwenye kona ya kulia ya meza. Kona ile ni ya majalada yanayoondoka. Mwaka juzi Karani aliandika waraka, akautia saini, akaubandika ukutani: jalada lolote lenye jina na namba ya chumba likikutwa kona ya kulia, lichukuliwe na kupelekwa bila kuuliza. Maneno “bila kuuliza” aliyapigia mstari mara mbili.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia tarishi wa ofisi, mama wa makamo anayesukuma toroli la majalada kutoka ghorofa hadi ghorofa, ambaye kila mtu humwita Mama Toroli. Toroli lilikuwa tupu.

“Lile la Mpima nimelipeleka,” alisema. “Kamba ilikuwa imelegea, nimekufungia vizuri.”

“Umempa mwenyewe?”

“Mwenyewe yuko viwanjani. Nimempa mkuu wake.”

Karani alipanda ngazi mbilimbili, na kila ngazi alitunga uongo mpya. Alipofika ghorofa ya pili alikuwa na uongo wa kutosha kujaza jalada la pili, lakini pumzi ya kuusema hakuwa nayo.

Mkuu wa Upimaji ni mtu anayesoma kila kinachowekwa mbele yake. Husoma mpaka maandishi ya chini kwenye kalenda. Alikuwa ameshafika folio ya ishirini na tisa, miwani ikiwa puani, na kalamu imewekwa tayari.

Alimkaribisha Karani kwa furaha. Alisema tangu aajiriwe hajawahi kuona jalada lililopangwa namna hii, na kwamba ni jambo jema makao makuu kuanza kufuatilia mienendo ya watumishi mtandaoni. Karani akagundua kwamba mzee huyu amedhani hii ni kazi ya serikali. Kwa dakika moja tamu aliona njia ya kutokea.

“Ila folio ya kumi na mbili,” Mkuu alisema, sauti ikashuka. “Hiyo ni yangu.”

Karani aliikumbuka. Aliiandika yeye. Ilisema: Mkuu wake wa kazi. Anaweka picha za mbuzi wake tu. Hana madhara.

“Hana madhara,” Mkuu alirudia, akitazama dirishani. “Miaka thelathini kazini.”

Karani alianza kueleza kwamba katika uchunguzi maneno hayo ni sifa kubwa, wapo watu wangelipa wayapate. Mkuu akanyoosha mkono kumnyamazisha, akamwonyesha karatasi ya madokezo. Chini ya madokezo yake matatu ya upweke palikuwa na la nne, lina saini, lina muhuri wa bluu ambao wino wake haujakauka.

“Dokezo 4. Mpima: toa maelezo kuhusu folio 41. Jalada lirudi masijala leo kabla ya saa tisa.”

Karani aliomba, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, alichukue jalada akalirekebishe kidogo.

“Ni mimi niliyesahau,” Mkuu aliuliza, “au ni wewe uliyetufundisha kwenye semina kwamba jalada likishapata dokezo la mkuu halitoki mpaka lijibiwe?”

Ni yeye. Semina ilikuwa ya siku mbili. Aliwapa na mtihani.

Na Mpima hakuchagua saa nyingine ya kurudi. Aliingia na buti zenye tope, kofia mkononi, akafurahi kumwona Karani ghorofani kwao, akamuuliza kama wajomba watapenda kukaa ndani au barazani. Mkuu akamkabidhi jalada. Mpima akasoma jina lake kwenye gamba, akatabasamu, akalichukua mpaka mezani kwake, meza ya pili kutoka dirishani, yenye ramani zilizokunjwa kama mikeka.

Karani alisimama pembeni ya meza. Alitamani kukimbia, lakini aliwaza kwamba akikimbia hatajua Mpima amefika folio ya ngapi.

Mpima alisoma za ndugu zake akacheka. Alipofika kwa daktari wa meno alicheka mpaka akashika shavu. Kisha akafika kwenye folio ambazo Karani alikuwa ameandika saa na dakika, siku hii alimfuata nani, siku ile aliacha kumfuata nani, akaacha kucheka. Karani alijua kucheka kwake vizuri, na akajua pia namna kulivyokatika. Hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia hapo.

“Umeanza lini?” Mpima aliuliza.

“Mwezi wa pili.”

“Mwezi wa pili ndio mwezi niliokuomba tuoane.”

Karani alihesabu kwa vidole. Alikuwa hajawahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja, yeye aliyeweka pamoja tarehe za watu arobaini na mmoja.

“Ungeniuliza tu,” Mpima alisema.

“Ningekuuliza, ungenijibu, na nisingeamini.”

Lilikuwa jibu la kweli, la kwanza alilotoa siku ile, na wote wawili waliliona hivyo. Mpima akachukua kalamu. Aliandika dokezo la tano taratibu, kwa mwandiko wake wa kuandikia ramani, akaligeuza jalada Karani asome.

“Dokezo 5. Kuhusu folio 41, Karani ampigie simu mama yake.”

Karani alisoma mara mbili. Mama anahusikaje? Mama yake ni mstaafu wa kiwanda cha mashati, alikuwa mkaguzi, miaka ishirini na sita akitazama mishono na kutia alama ya chaki kila shati lililofaa. Simu yake anayoijua Karani ni ile ya vitufe. Hata hivyo alitoka kwenye korido, akapiga.

“Nimeshangaa hukunijua,” mama alisema kabla ya salamu. “Kikombe chenyewe unakinywea chai kila asubuhi.”

Kwenye folio ya arobaini na moja, kwa mwandiko wa Karani, palikuwa pameandikwa hivi: Kikombe cha gharama. Mwenyewe anajiweza, anaishi peke yake, hana watoto.

Mama alieleza bila aibu yoyote. Jirani alimwachia simu ya zamani na kumfungulia akaunti, akaitumia kumwangalia huyu mwanaume anayetaka kuchukua binti yake. Mpima alipoona anafuatwa na kikombe aliandika kuuliza ni nani mwenzake, mama akajitambulisha, mkwe mtarajiwa akamwamkia kwa adabu zote na kumfuata pia. Basi.

“Na mioyo, mama? Kila picha unampa moyo.”

“Moyo gani? Ile alama nyekundu? Mimi nilijua ni ya kuonyesha nimeshakagua.”

Karani aliegemea ukuta wa korido. Miezi yote hii alimwonea wivu mwanamke anayetia alama mashati.

“Ningeacha kumkagua mimi, angemkagua nani?” mama aliendelea. “Wewe?”

Karani aliwaza juu ya folio zile.

“Baba yako sikumkagua hata siku moja,” mama alisema. “Niliona haya. Sasa acha nikukague na wewe, maana leo umenifungulia. Unafuata watu mia sita na kumi na wawili, mwanangu. Wote hao wanakupa nini? Nimepita hamsini, nasonga.” Akakata simu, kwa sababu alikuwa na kazi.

Karani alirudi mezani kwa Mpima anacheka na kulia kwa pamoja. Aliomba msamaha. Alijiita mpumbavu, mwehu, na paka, kwa ajili ya ile akaunti. Alisema yuko tayari kuila ile folio mbele ya mashahidi. Alisubiri Mpima acheke naye yaishe, maana ndivyo mambo yao yalivyozoea kuisha.

Mpima hakucheka. Alikuwa ameshaandika tena.

“Dokezo 6. Karani anafuata watu 612. Mmoja wao ni mzee anayetengeneza redio. Ana picha saba na pua ya Karani. Karani aliniambia baba yake alifariki. Naomba maelezo.”

Ofisi nzima ilikuwa kimya. Labda haikuwa kimya. Labda watu walikuwa wanapiga chapa na kukunja ramani kama kawaida, ila Karani hakusikia.

Baba yake aliondoka yeye akiwa na miaka tisa. Alikwenda kuanzisha nyumba nyingine, na siku hiyo mama alisema, mbele ya jiko, kwamba kwake mtu huyo amekufa. Karani alinakili. Alinakili shuleni kwenye fomu, akanakili kazini kwenye fomu, na Mpima alipomuuliza siku ya kwanza walipotoka pamoja, akanakili tena, kwa uso wa huzuni, mpaka Mpima akampa pole na kumnunulia soda. Hakuona kama ni uongo. Aliona ni nakala.

Miaka mitatu iliyopita alimpata mtandaoni. Picha saba, zote za redio zilizofunguliwa matumbo, na katika moja fundi mwenyewe ameketi kando, mkononi ana kovu alilolijua. Alimfuata siku hiyohiyo. Hakuwahi kumwandikia neno. Kila Jumapili alifungua kuona kama kuna redio mpya.

“Nilimwona mwezi wa tatu,” Mpima alisema. “Nilikuwa napita tu kwenye orodha yako, sikuwa nachunguza. Nikasubiri uniambie.”

Miezi yote hiyo, Karani akiwa chini anahesabu watu wa Mpima, Mpima alikuwa juu anamsubiri aseme neno moja.

“Wiki iliyopita nikamwandikia. Sikumfuata, maana nilijua unanihesabu.”

“Ulijua?”

“Kila nikimfuata mtu mpya, kesho yake unaniuliza habari za meno.”

Kama mambo yangekuwa mengine, Karani angecheka mpaka aanguke. Mpima alimwambia kilichobaki kwa maneno machache. Mzee alijibu. Alishukuru kuulizwa. Jumamosi anakuja.

Karani aliona Jumamosi yote mbele yake kwa mara moja. Wajomba wamekaa, mama amevaa gauni lake la bluu, na mlangoni anaingia marehemu.

Alitoa simu. Mama alikuwa kwenye orodha, anasonga, mtu baada ya mtu, kwa jicho lile lililokuwa halipitwi na mshono. Karani alimfungua fundi redio, kidole kikaenda kwenye kitufe. Acha kufuata. Mbonyezo mmoja tu na mama asingejua kitu mpaka Jumamosi, na siku mbili ni nyingi, katika siku mbili mtu huweza hata kuugua malaria.

Mpima alikuwa anakitazama kidole.

“Mtu anayenihesabu naweza kumuoa,” alisema. “Nitazoea. Lakini mtu anayezika watu wakiwa hai, hapo ndipo sijui. Leo baba. Tukigombana mwaka ujao, mimi utaniambia watu nimekufa kwa ugonjwa gani?”

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Aliweka kalamu juu ya karatasi ya madokezo, kwenye nafasi tupu ya dokezo la saba, akasubiri. Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Mkuu alikuwa amefungua mlango wa chumba chake kidogo, kwa ajili ya hewa, kama alivyodai.

Karani alikuwa anampenda mwanaume huyu. Alimpenda kuliko alivyowahi kuandika mahali popote, na aliona wazi kwamba anaweza kumpoteza sasa hivi, si kwa sababu ya mwanamke yeyote katika wale arobaini na mmoja, bali kwa sababu yake mwenyewe na mikono yake mwenyewe. Alichukua kalamu. Akaandika.

“Dokezo 7. Yu hai. Nilikudanganya. Nilimdanganya na mama kwa kukaa kimya.”

Kisha, kabla moyo haujapoa, alipiga simu, palepale mezani, akaiweka sauti wazi Mpima asikie.

“Mama, umefika wapi?”

“Wa themanini na mbili. Huyu mwenye mbuzi ni nani?”

“Mkuu wetu. Hana… ni mtu mzuri.” Mlango wa Mkuu ukasogea kidogo. “Mama, usiendelee hivyo. Kuna mmoja huko mbele, fundi redio. Mtafute huyo.”

Karani alifumba macho.

“Huyo nilishamwona,” mama alisema.

“Leo?”

“Siku ileile nilipofunguliwa akaunti. Ndiye mtu wa kwanza niliyemtafuta, hata huyo Mpima wako alikuja baadaye.” Aliongea polepole, kama anayesoma kitu kwa mbali. “Simfuati. Namwangalia tu. Ana wafuasi kumi na tisa, na wa nne ni wewe.”

“Kwa nini hukuniambia, mama?”

“Nilikuwa nakusubiri.”

Karani alilia hapo, na hakujificha. Watu wawili aliowapenda walikuwa wamekaa wakimsubiri, kila mmoja kwenye upande wake, naye alikuwa anatoboa karatasi na kufunga kamba za kijani. Alifuta uso kwa kiganja, akamaliza kusema lililobaki. Alisema Mpima amemwandikia baba. Alisema baba amealikwa. Alitaja na siku, Jumamosi.

Karani alitazama kama simu imekatika. Haikuwa imekatika.

“Amenenepa,” mama alisema mwishowe.

“Ndiyo, mama.”

“Na shati lile la kwenye picha ya tano halikushonwa vizuri begani.” Akavuta pumzi. “Haya. Aje. Mwambie mchumba wako aongeze kiti kimoja.”

Karani alihisi kifua chote kikifunguka. Hakuamini. Mwanamke aliyemfukuza mtu duniani kwa miaka ishirini na mitano amemrudisha kwa kiti kimoja cha mbao. Aliinua macho kumtazama Mpima, akitaka waone jambo hilo pamoja, akijua sasa kwamba Jumamosi ipo na ndoa ipo.

Mpima alikuwa amesikia kila neno. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyesikia habari njema. Alikuwa anaitazama simu ile juu ya meza kama anayetamani kuifunika na kofia. Akainua mkono juu ya jalada, akanyoosha vidole viwili.

“Viti viwili,” alisema kwa sauti ya chini. “Haji peke yake.”

Hakuishusha sauti vya kutosha.

“Nani huyo?” mama aliuliza kwenye simu. “Amesema nini?”